Toa Mbili

Wanaotaka kujua njia aliyoipita Siwema Kitwana mpaka akafika Mirabani watabaki na hamu yao, kwa sababu mwenyewe haielezi, na akibanwa sana husema alipanda, akashuka, akawa amefika. Anachopenda kueleza ni kwa nini aliondoka kwao.

Siwema alikuwa karani katika ghala la dawa la wilaya, na mezani kwake alirithi jedwali la kwenye kompyuta lililotengenezwa na karani wa kwanza, Mzee Shomvi, ambaye alistaafu kabla Siwema hajaajiriwa. Jedwali lilikuwa na kurasa kumi na nane. Ukigusa Machi, Septemba inabadilika. Kila aliyelipokea aliongeza chake pembeni, na hakuna aliyethubutu kufuta cha mwenzake. Juu kabisa, kwenye kona ya kushoto, ilikaa namba ya tarakimu tisa, ya kwanza saba, isiyojumlishwa na kitu wala kutolewa kwenye kitu. Fundi wa kompyuta alipoitwa aliitazama kwa heshima, akasema hiyo ndiyo iliyoshikilia vyote, isiguswe. Mkuu wa ghala, asiyejua kitu kuhusu majedwali na kwa hiyo mwenye haraka, alimpa Siwema swali moja tu: tulikarabati au tulitupe tuanze jipya? Siwema akaomba likizo ya siku kumi ili asilijibu.

Aliruka majivu, akakanyaga moto.

Mirabani ni nchi nzuri, ya watu safi na wapole. Mashamba yake yana pembe nne, mitungi yake ina pembe nne, na hata chapati ikitoka jikoni hukatwa kingo zikawa nne, mabaki wakapewa kuku. Jambo lililomshangaza Siwema mapema ni kwamba watu wa huko hawaulizani. Hakuna anayesema habari za asubuhi, wala umeamkaje. Husema "Hujambo" kwa sauti ya kushuka, kama hakimu anayetoa hukumu, na anayeambiwa huikubali hukumu hiyo na kuendelea na safari yake, hata kama ana homa. Siwema alidhani ni adabu tu ya pale.

Mwenyeji wake alikuwa Katibu Farjala, mtu mrefu mwenye kanzu iliyonyooshwa pasi mpaka inasimama peke yake. Katibu alimpeleka moja kwa moja kwenye fahari ya nchi, Nyumba ya Jedwali. Ndani yake mna ukuta mmoja mkubwa uliopakwa chokaa na kuchorwa miraba, mistari ishirini kwa nguzo arobaini, na mbele ya kila mraba, juu ya kibao kilichopigwa misumari, ameketi ofisa mwenye chaki na tambara. Kila ofisa ana agizo lake alilorithi kwa baba. Mmoja humtazama wa kushoto na kumwongeza wa juu yake. Mwingine humtazama wa juu na kugawa kwa tatu. Hesabu hushuka hivyo toka asubuhi mpaka adhuhuri, na mstari wa mwisho kabisa, chini, ndio unaosema kila kijiji cha Mirabani kitafunguliwa mfereji siku ngapi mwezi huo. Nchi nzima ina mfereji mmoja, na hakuna maji mengine.

Jedwali lile, Katibu alieleza, liliundwa na Marehemu Karani Mbaruku, na halijawahi kukosea. Hapo mzee mmoja wa mstari wa tisa akapiga chafya, akasahau alipofika. Akainua mkono na kusema kwa upole, "Kosa." Jirani yake wa kulia, akiwa hana tena wa kumtazama, naye akasema, "Kosa," na wa kulia kwake, na wa chini yao, mpaka ukuta wote ukawa unavuma kama mzinga wa nyuki. Katibu Farjala alisubiri huku amefumba macho. Alisema hali hiyo ni ya kawaida na huondoka yenyewe isipotazamwa.

Kwenye nguzo ya kumi na moja palikuwa na wanaume wawili waliokuwa wakikodoleana macho bila kuandika chochote. Agizo la wa kwanza lilikuwa amtazame wa pili, na la wa pili amtazame wa kwanza, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake tangu masika ya mwaka juzi. Walikuwa wamezoeana sana. Mmoja alimwoza mwenzake binti yake, na arusi ilifungwa palepale chini ya vibao.

Siwema alikuwa amevumilia yote hayo kimyakimya, kwa sababu kwa kweli hakuona tofauti kubwa na ofisini kwake. Kilichomshinda ni mwanamke aliyemkuta amesimama mlangoni na ndoo tupu. Aliitwa Bi Saumu, wa kijiji cha Mtoboani, na alikuwa akija kila mwezi siku ya hesabu, akatazama mraba wa kijiji chake, kisha akarudi kwao, mwendo wa saa nne kwa miguu. Ofisa wa mraba ule, kijana mnene mwenye macho ya huruma aitwaye Dachi, alikuwa akimaliza kazi yake. Alimtazama wa kushoto, akaandika mbili. Alimwongeza wa juu yake, ambaye siku hiyo alikuwa sifuri, kama miezi mingine yote, ikabaki mbili. Kisha akatoa mbili. Akaandika sifuri, akapangusa chaki mikononi. Bi Saumu akainua ndoo yake. Mtoboani walikuwa wakiishi kwa umande, kwa mvua, na kwa kuomba kwa majirani, mwaka wa sita sasa.

"Kwa nini anatoa mbili?" Siwema akauliza.

Maofisa mia kadhaa waligeuza shingo. Katibu Farjala alimtazama mgeni wake kwa majonzi ya kweli, kisha akafungua sanduku lililokuwa tayari pale pembeni, akatoa kofia ndefu ya pembe nne, akamvika.

Kwingineko, alimweleza, watu husema kuuliza si ujinga. Mirabani wanakubali kabisa. Kuuliza si ujinga, kuuliza ni kazi. Sheria ni fupi: aliyeuliza ndiye mwenye nayo. Yeyote atakayeuliza jambo lolote la Jedwali anakuwa Mtunzaji wa Jedwali papo hapo, na ana siku saba za kujibu swali la taifa, yaani likarabatiwe au libomolewe lijengwe jipya. Baraza likiridhika na jibu lake, ataondoka. Lisiporidhika, atatunza mpaka kufa. Mtunzaji aliyetangulia alikuwa mchuuzi wa mikeka aliyepita njia akauliza choo kiko wapi, kwa bahati mbaya akiwa amesimama upande wa Jedwali. Alitunza miaka kumi na tisa, na alizikwa kwa heshima zote.

Siwema akahesabu siku zake kumi za likizo. Kwao alimwacha mama mgonjwa wa miguu na jiko lisilo na mtu wa kuliwasha.

Siku nne za kwanza zilikwisha kwa kusikiliza. Mirabani ina vyama viwili. Wanaviraka wanataka Jedwali likarabatiwe, na kwa kuwa hakuna anayejua agizo lipi ni la nini, ukarabati wao ni kubandika: palipo na tatizo wanaongeza ofisa mpya wa kumsahihisha wa zamani, kisha mwingine wa kumsahihisha huyo. Waliulinda msimamo wao kwa methali, ukiona vyaelea vimeundwa. Wanaupya nao walijibu kwamba la kuvunda halina ubani. Walimtembeza Siwema kwenye kiwanja nyuma ya mji kulikokuwa na majedwali mapya saba, mazuri, yamepakwa rangi, kila moja limeishia katikati. Alipotazama kwa makini aliona katika kila moja, kwenye mstari uleule, maneno yaleyale: toa mbili. Walikuwa wameyanakili kutoka lile la zamani, kwa tahadhari tu.

Vyama hivyo viwili vilikubaliana jambo moja. Kwenye kona ya juu kushoto ya Jedwali, kwa mkono wa Marehemu Karani mwenyewe, palikuwa na maandishi matakatifu ambayo kila ofisa huyagusa kwa kiganja akiingia kazini. Mwanzo wa maandishi ulikuwa umemezwa na weusi, na kilichosomeka ni ULIZE TUNU. Wanaviraka walikuwa na wanazuoni waliothibitisha kwamba mwanzo wake ni USI: usiulize, tunu. Maana yake Jedwali ni tunu, kitu cha thamani, na vitu vya thamani havihojiwi. Hapo ndipo sheria ya nchi ilipotoka. Wanaupya walikuwa na wanazuoni wao waliothibitisha kwamba ni TU: tuulize tunu. Maana yake iko tunu nyingine inayokuja, Jedwali jipya, na hilo ndilo litakaloulizwa, likishakamilika. Vitabu vilikuwa vimeandikwa pande zote mbili. Ndugu walikuwa wamenuniana.

Siwema alisikiliza, akaandika, akazidi kukata tamaa. Akisema likarabatiwe, Wanaupya watakataa. Akisema libomolewe, Wanaviraka watakataa. Na lolote atakalosema, Mtoboani watakuwa na sifuri. Siku ya tano Bi Saumu alikuja tena, safari hii si kwa ajili ya hesabu bali kumwona Mtunzaji mpya, kwa sababu alisikia kwamba yule mgeni ameuliza kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Alimletea boga moja dogo, lililoiva kwa kiu.

Walikuwa wamekaa barazani wakilitazama boga lile wakati bibi mmoja alipopita na karai la matambara kichwani, akielekea uani. Siwema alikwisha kumwona mara nyingi. Ndiye aliyefua matambara ya maofisa. Wote walimwita Bibi Matambara, na walimwita bila kumtazama.

"Shoga Tunu," Bi Saumu akamsalimu, "hujambo."

Siwema aligeuka polepole. Alikuwa na shangazi kwao Pangani aitwaye Tunu, mtu mbishi, mpenda ugoro. Kwa mara ya kwanza tangu afike Mirabani alikumbuka kwamba neno lile, mbali na mambo yote waliyoandika wanazuoni, ni jina la mtu.

Akamfuata uani. Bi Tunu alikuwa ameshainama kwenye beseni, akisugua tambara kama ana kisa nalo. Siwema alimwamkia, akachuchumaa, akauliza tena swali lililomponza. Tayari alikuwa Mtunzaji. Hakuna kofia ya pili juu ya ya kwanza.

"Bibi, ile toa mbili ni ya nini?"

Bi Tunu aliacha kusugua. Alimtazama mgeni, akatazama kofia, akarudi kwenye uso.

"Ya punda," akasema.

Na kwa kuwa alikuwa na maneno ya miaka arobaini kifuani, hakuhitaji kusukumwa. Karani Mbaruku alimwajiri akiwa msichana, amchanganyie chokaa na kumshikia ngazi, na kila mraba ulipochorwa yeye alikuwepo, na kila agizo lilipotolewa alilisikia. Siku zile mfereji ulikuwa wa udongo. Kila mwezi punda wawili waliingizwa ndani kukokota reki ya kuzoa tope, kazi ya siku mbili, na siku hizo maji hayakupita. Ndiyo maana kila kijiji kilitolewa siku mbili. Baadaye mfereji ukajengwa kwa mawe, tope likaisha.

Siwema akataka kujua punda je.

"Punda wamekufa, mwanangu. Mmoja wa uzee, mmoja wa ujinga wake. Mimi mwenyewe nilisaidia kuwazika."

Ikawa wazi pia kwa nini kila mwezi mfereji wa Mirabani hufungwa siku mbili, na wananchi huvaa nyeupe na kukaa kimya. Siwema alikuwa ameambiwa ni siku za tafakuri. Vijiji vikubwa vyenye siku kumi na mbili au kumi na nne havikuona upungufu. Mtoboani ilipewa mbili.

Kabla ya kuinuka Siwema aliuliza kwa nini hakuyasema hayo miaka yote. Bi Tunu alikunja tambara, na hasira iliyokuwa kwenye mikono ikahamia kwenye sauti.

"Nani aliniuliza? Wananipita hapa kila siku wakienda kujadiliana. Mimi sijui kusoma. Marehemu alipokuwa anakata roho aliniambia, Tunu usiondoke, nimewaandikia, watakuja. Basi nikakaa."

Siku ya saba Baraza lilikutana mbele ya Jedwali, Wanaviraka kulia, Wanaupya kushoto. Katibu Farjala alitangaza kwamba Mtunzaji sasa atajibu: kukarabati au kubomoa. Siwema alisema hana jibu, ila ameuliza, na aliyeulizwa ni huyu hapa. Akamsogeza Bi Tunu mbele, na karai lake.

Ghasia zilizofuata hazifai kuelezwa zote. Mwanazuoni mmoja wa Wanaviraka alisema tunu hufuliwa, haifui. Mwanazuoni wa Wanaupya alikubaliana naye, jambo lililokuwa halijatokea tangu nchi iumbwe. Wote walidai ushahidi wa maandishi. Bi Tunu, ambaye wakati wote huo alikuwa akiitazama ile kona ya juu kwa jicho la mfuaji, aliuliza, kwa kuwa yeye hakuiogopa kofia yoyote, ni nani aliyeuacha uchafu ule pale. Alichovya tambara, akapanda ngazi aliyoizoea, akaanza kusugua.

Maandishi hayakuwa yamefutika chini ya weusi ule. Ulikuwa wa viganja. Miaka arobaini ya maofisa wachamungu wanaogusa mwanzo wa maandishi kila asubuhi kabla ya kunawa. Tambara la kwanza lilitoka jeusi, la pili la kahawia, na chini yake ikatokea herufi M, nzima, na U yake. Bi Tunu aliendelea kusugua kwa sababu hakuona sababu ya kuacha katikati, na chini ya mstari ule ukatokea mwingine mdogo ambao hakuna mwanazuoni aliyejua kwamba upo.

Katibu Farjala ndiye aliyeusoma kwa sauti. "Muulize Tunu," akasoma. "Yuko uani."

Wengine walitazama miguu yao. Bi Tunu hakuwajali. Alishuka akaenda mpaka kwenye kibao cha Dachi, wa mraba wa Mtoboani, akamwambia kwamba punda wamekufa, aache kutoa. Dachi alianza kulia. Alisema baba yake alitoa mbili, na babu yake alitoa mbili, na kwamba hiyo ndiyo kazi pekee anayoijua. Sasa afanye nini?

"Mtazame wa kushoto, mwongeze wa juu yako," Bi Tunu akamwambia kwa upole ambao Siwema hakuutarajia. "Inatosha, baba."

Dachi akamtazama wa kushoto. Akamwongeza wa juu. Akaandika mbili, na akaishika chaki kwa mikono yote miwili ili asitoe. Ukuta haukuanguka. Hakuna aliyesema kosa. Bi Saumu, aliyekuwa mlangoni kama kawaida yake, aliitazama ile mbili kwa muda, akainua ndoo na kuondoka mbio bila kuaga mtu, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa na mitungi ya kuandaliwa.

Baraza liliridhika, kila upande kwa sababu zake. Wanaviraka walisema Jedwali limekarabatiwa. Wanaupya walisema, tazama, ni jipya kabisa. Swali la taifa likaahirishwa mpaka mwaka ujao, na uani ukaanza kujaa maofisa waliobeba vikombe vya chai, kila mmoja akijifanya amepita tu. Siwema aliachiwa huru. Kofia ya Utunzaji alikabidhiwa Bi Tunu kwa heshima kubwa, naye akaikunja mara mbili akaifanya kata ya kubebea karai. Mgeni alipokuwa akiondoka asubuhi yake, tayari kamati ilikuwa imeundwa ya kuwajengea punda sanamu, na ilikuwa imekwama kwenye suala la masikio.

Jumatatu mkuu wa ghala alikuwa amesimama kando ya meza kabla Siwema hajaweka mkoba chini. Akataka jibu lake: tunakarabati, au tunaanza jipya?

Siwema aliiwasha kompyuta. Alilifungua jedwali, akatazama kona ya juu kushoto. Tarakimu tisa, ya kwanza saba. Jedwali la kompyuta lina tabia moja ambayo kila karani anaijua na kila karani huisahau: sifuri ikitangulia, linaimeza. Akachukua simu yake, akabonyeza sifuri, kisha zile tisa zilizofuata, moja moja.

Iliita mara mbili.

"Shikamoo, Mzee Shomvi," akasema. "Naitwa Siwema. Niko ghala la dawa. Nimekalia meza yako."

Upande wa pili kikasikika kiti kikivutwa, na mtu akikaa chini taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Miaka sita naichaji simu hii," akasema. "Haya, uliza."